Mbwa Aliyehesabu Hadi Tatu

Kaka yangu Delbert hawezi kusema hapana. Simsengenyi, namwambia hivyo hivyo usoni, naye hujibu, "Labda ni kweli, Marlys," maana hata hilo hawezi kunikatalia.

Mji wetu wote ndivyo ulivyo. Ukienda kwa mtu hapa kaskazini mwa Minnesota akakukaribisha keki, unasema hapana, asante, nimetoka kula sasa hivi. Akikukaribisha tena, unasema usijisumbue bwana. Mara ya tatu ndipo unasema, haya basi, kipande kidogo tu, halafu unakula viwili. Anayepokea mara ya kwanza tunamwona mlafi. Anayekaribisha mara moja akanyamaza tunamwona bahili, na habari zake zitafika kanisani kabla yake mwenyewe. Hakuna aliyetufundisha haya, tumezaliwa tukayakuta kama tulivyoikuta theluji.

Mimi nilijiona niko tofauti. Nilifanya kazi posta miaka thelathini na miwili, dirishani, na mtu wa dirishani hujifunza kusema "hii haiendi" bila kupepesa macho. Ndiyo maana mjini wanasema Marlys Aune ana mdomo. Ninao, na leo nitautumia kusimulia habari za Hobart.

Hobart aliletwa mwezi wa Machi akiwa na majuma manane, mweusi tii, tumbo limemtuna, masikio makubwa kuliko mahitaji yake. Jina alipewa na chuo kinachofundisha mbwa wa kuongoza vipofu. Kule ndugu wa uzao mmoja hupewa majina yanayoanza na herufi moja, na huyu masikini aliangukiwa na jina linalomfaa meneja wa benki. Kazi ya Delbert ilikuwa kumlea mwaka mmoja na miezi kadhaa, amtie adabu na utulivu, kisha amrudishe chuoni akafundishwe kazi yenyewe. Mlezi halipwi. Hupewa mbwa, kizibao kidogo cha kijani cha kumvisha wakitoka nje, na kitabu cha masharti. Sharti lililopigiwa mstari lilisema mbwa asipokee chakula kutoka kwa mtu yeyote ila mlezi wake. Mbwa anayevutwa na kipande cha soseji anaweza kumvuta kipofu wake hadi katikati ya barabara.

Lazima niseme habari za Ione pia, kwa sababu bila yeye mtaona tu mzee anacheza na mbwa. Ione alikuwa mke wa Delbert. Kisukari kilimla macho taratibu mpaka akawa haoni kabisa, na ile fimbo nyeupe aliionea haya, hakutaka kutoka nayo. Akaomba mbwa. Wakamwandika kwenye orodha. Orodha ilikuwa ndefu na mbwa wachache, maana katika kila wawili wanaolelewa, mmoja hushindwa. Ione alikaa karibu na simu miezi kumi na minne, na siku aliyokufa alikuwa mtu wa kumi na moja kwenye foleni. Baada ya mazishi Delbert alipiga simu chuoni awaambie walifute jina lake, na kabla hajaiweka chini akawauliza kama wanahitaji walezi.

Hobart alikuwa wa tatu. Wa kwanza alishindwa kwa ajili ya kindi. Akimwona kindi alisahau dunia na vilivyomo. Wa pili aliogopa vyuma vya mifereji ya barabarani, hakukubali kuvikanyaga hata kwa kubembelezwa, na sasa anaishi kwa daktari wa meno akinenepa. Siku ya kumleta Hobart, msimamizi wa walezi alikuja mwenyewe. Anaitwa Renata Oyler, mtu wa Texas, na watu wa Texas husema jambo mara moja tu.

"Mzee Delbert, nakupenda sana, unajua," alisema pale mlangoni, kijibwa kikimtafuna kamba ya kiatu. "Lakini walezi wako foleni na watoto wa mbwa hawatoshi. Huyu akishindwa, sitakuletea mwingine."

"Labda hiyo ni haki," alisema Delbert. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Niliiona mikono yake ilivyomshika yule mbwa, na nikajua hiyo haki imemchoma.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanza kumvulia kofia kaka yangu, mimi niliyemcheka tangu utotoni. Kila siku saa nne asubuhi aliketi sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati. Kamba ya mbwa aliikanyaga kwa mguu, akaacha urefu wa kumtosha kulala tu, akafungua gazeti. Basi, hakuna kingine. Hobart alitafuna kamba. Akatafuna soksi. Akalia, akabweka, akajirusha kama samaki kwenye barafu, akalirarua gazeti ukurasa wa michezo. Delbert hakumkaripia, hakumsukuma, hakumtazama. Aligeuza ukurasa uliobaki. Baada ya dakika arobaini mbwa alichoka, akashusha pumzi ndefu, akalaza kidevu chini. Hapo Delbert, macho yakiwa bado gazetini, aliweka punje moja ya chakula cha mbwa kati ya miguu yake ya mbele.

"Sasa unamfundisha nini hapo?" nilimuuliza.

"Kutofanya kitu."

"Ebo! Na hilo nalo linafundishwa?"

"Dada, hilo ndilo gumu kuliko yote. Kukaa chini atajifunza kwa siku mbili, hata wewe ungejifunza. Lakini kukaa bila kutaka kitu! Wangapi unawajua wanaoweza?"

Nilianza kuwahesabu moyoni na sikufika mbali.

Ile ndiyo siri yake yote. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na anasema ukiwapigia watoto kelele wanajua una hofu, ukinyamaza wanaanza kujiuliza wewe unajua nini. Hobart akimrukia, Delbert aligeuka mti. Miguu minne ikirudi sakafuni, mti unapata mikono na mikono inakuna masikio. Hobart akiiba kiatu, Delbert hakumkimbiza. Alichukua kidoli cha kamba akakichezea peke yake kwa furaha kubwa, mzee mzima, mpaka mbwa akaleta kiatu mwenyewe aje kuona raha iko wapi. Bakuli la chakula lilishuka pole pole, na mbwa akiinuka, bakuli nalo linainuka. Mwezi wake wa kwanza pale nyumbani lilichukua robo saa kufika chini. Alipofikisha mwezi wa nne pale, Hobart alikaa mbele ya bakuli lililojaa akimtazama Delbert machoni, mate yakimdondoka, hasogei mpaka asikie neno. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, na sioni aibu kusema nilikuwa navuka barabara kila asubuhi kwenda kulitazama.

Alimpeleka kila mahali. Walikwenda dukani, kwa kinyozi, kwenye karakana ya matrekta, kwenye mechi ya magongo ya barafuni watu wakipiga ngoma na kutukana waamuzi. Mwezi wa Oktoba alimleta kwenye karamu ya kanisa ya samaki wa magadi, yule samaki mkavu anayelowekwa kwenye magadi mpaka alainike, na aliyewahi kunusa samaki wa magadi akichemka kwenye ukumbi wa chini usio na madirisha atanielewa nikisema ule ulikuwa mtihani. Hobart alilala chini ya meza saa mbili nzima. Mtu akaangusha trei yenye vikombe ishirini vya kahawa. Mchungaji aliruka. Mimi niliruka. Hobart aliinua unyusi mmoja.

"Huyo mbwa ni Mlutheri kuliko sisi," alisema Solveig Tollefson, anayetawala jiko la kanisa tangu kuumbwa kwa dunia. Akainama na donge la nyama kwenye uma. "Kidogo tu kwa ajili yake, Delbert."

"Hapana, Solveig, hawezi, asante," alisema Delbert. Sikuona kilichofuata kwa sababu nilikuwa natafuta siagi.

Aprili, theluji ikiyeyuka, Renata alikuja kumpima. Hobart alikuwa na miezi kumi na minne na urembo wa kutisha. Tulikuwa wanne jikoni kwa Delbert: Renata na karatasi zake, Delbert aliyevaa tai, mimi niliyejikaribisha, na mbwa. Mwavuli ukafunguliwa ghafla puani pake, akautazama. Sufuria ikaangushwa nyuma yake, akageuza kichwa, akarudi. Renata akavaa kofia ya ajabu akapita akichechemea na kuimba, na mimi ndiye niliyetaka kubweka. Kila kitu Renata alikiwekea alama huku akitabasamu.

Mwisho akatoa kipande cha soseji. Akakishusha mbele ya pua ya Hobart, bila kusema neno. Hobart akageuza uso pembeni.

"Safi," alisema Renata. Akamkaribisha tena. Hobart akageuza uso upande wa pili.

Delbert akaanza kupumua. Renata akakishusha mara ya tatu, na Hobart akanyoosha shingo, akakichukua kwa midomo, taratibu, kwa adabu isiyo kifani, akameza.

"Labda bahati mbaya," alisema Renata. Akatoa kingine. Mbwa akakataa mara ya kwanza, akakataa ya pili, ya tatu akala. Akatoa kingine. Ikawa vile vile. Safari ya nne Renata alianza kucheka, kisha akaona uso wa Delbert, akaacha.

"Miaka kumi na tisa katika kazi hii," alisema, "nimeona mbwa wanaokula na mbwa wasiokula. Huyu anahesabu. Nani amemfundisha kuhesabu?"

"Sijui," alisema Delbert, na kweli hakujua, kwa sababu hakuna anayejua namna anavyopumua.

Renata aliikunja karatasi. "Mzee, kwa mengine yote ni mbwa bora kuliko wote nilio nao mwaka huu. Lakini hili likibaki siwezi kumpitisha. Nakupa majuma sita. Nikirudi, nitamkaribisha mara tatu, na nne, na tano."

Gari lake lilipoondoka Delbert alikaa sakafuni pale pale, na tai yake, mkono juu ya kichwa cha mbwa. "Kuna mtu yuko kwenye orodha, Marlys," alisema. "Sasa hivi kuna mtu amekaa karibu na simu." Kisha akalia. Kaka yangu hakulia hata kaburini kwa Ione, alisubiri arudi nyumbani. Nilisimama kama gogo nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Nikafanya kile ninachoweza, nikamgombeza. "Nani amekuwa akimlisha? Sema!"

"Hakuna. Mimi hukataa, umenisikia mwenyewe."

"Unakataa mara ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Cha tatu akasimama. Tukatazamana, na nikaona jambo likimpambazukia usoni, nami likinipambazukia. Solveig ukumbini: kidogo tu, Delbert. Hapana. Kidogo tu. Hapana, usijisumbue. Kidogo tu jamani. Haya basi, Hobart, chukua. Kinyozi naye hivyo hivyo. Mwenye duka hivyo hivyo. Mji mzima ulikuwa umemlisha yule mbwa, kwa heshima zote, mara ya tatu, na Delbert akimpa ruhusa kwa sababu mara ya tatu mtu mstaarabu hakatai. Mbwa hakukosea hata kidogo. Alikuwa mwanafunzi hodari, akajifunza kile tulichomfundisha.

"Watu hawa!" nilisema. "Nitakwenda kumwambia Solveig leo leo, nitamwambia—"

"Marlys," alisema Delbert kwa upole. "Na Jumanne?"

Kila Jumanne hula kwangu. Kila Jumanne nimekata jibini, na kila Jumanne nimeshusha kipande chini ya meza nikasema, mpe tu huyu maskini. Mara tatu. Mimi, mwenye mdomo. Nilivuta kiti nikakaa.

Tulianza siku ile ile, na kazi haikuwa ya mbwa. Ilikuwa ya Delbert. Nilisimama mbele yake na sahani ya jibini kama mimi ndiye Solveig.

"Kidogo tu kwa Hobart, Delbert."

"Hapana, asante."

"Kidogo tu."

"Hapana, usijisumbue."

"Kidogo tu jamani, mbona unaninyima?"

Jasho lilimtoka. "Hapana... yaani, labda siku nyingine... kama una... basi kidogo..."

"Delbert Aune!"

"Unaniangalia vibaya!"

"Nakuangalia kama Solveig! Tena!"

Mbwa alilala katikati yetu akitutazama kwa zamu. Alifundishika kuliko mzee. Siku ya tatu Delbert aliweza kukataa mara nne mfululizo, lakini baada ya hapo ilibidi alale kidogo. Na kila alipokataa akasimama imara, alimpa Hobart punje moja ya chakula chake mwenyewe, ile ya halali, kama zawadi ya kutazama pembeni.

Jumapili tukashuka ukumbini baada ya ibada. Solveig alikuja na uma wake. Delbert akasema hapana. Akasema hapana tena. Solveig, akitabasamu kama mtu anayejua mwisho wa hadithi, akashusha uma mara ya tatu.

"Hapana, Solveig," alisema Delbert.

Nawaambia vijiko vilisimama. Solveig alidhani hakusikia vizuri. "Kidogo tu," alisema mara ya nne, na katika mji wetu mara ya nne haipo, hakuna anayejua inakwendaje.

"Hapana. Wala leo, wala Jumapili nyingine. Nisamehe."

Solveig aliuweka uma mezani. Alisema sawa. Akaenda jikoni, na jikoni tukasikia masufuria yakioshwa kwa nguvu kuliko uchafu wake. Wiki nzima hakumsalimia Delbert, na wengine wakaanza kusema uzee umemharibu, au huzuni. Kinyozi alimkata nywele bila maongezi. Kaka yangu alipungua. Anapenda watu, hii ndiyo shida yake, na kila hapana moja ilimkata kipande. Lakini hakurudi nyuma. Nimewaona wanaume wakisifiwa kwa kuvuka ziwa kwenye barafu nyembamba. Sijaona ushujaa kama wa yule mzee akimkatalia Solveig Tollefson mbele ya kanisa.

Mimi ndiye niliyekwenda kwa Solveig. Nilikusudia kugomba, lakini nilipofika nikajikuta nimemweleza tu: mtihani, majuma sita, Ione na ile simu. Solveig alikuwa rafiki wa Ione. Alisikiliza, mikono kwenye aproni.

"Mbona hakusema?" aliuliza.

"Alisema. Alisema hapana."

"Ndiyo, lakini nani alijua anamaanisha?"

Kesho yake saa nne asubuhi alibisha hodi kwa Delbert na bakuli la madonge ya nyama ya moto, yenye mchuzi, mvuke unapanda. Alivua koti, akavuta kiti, akachoma donge kwa uma, akalishusha puani kwa Hobart. "Kidogo tu," alisema. Hobart akageuza uso. "Kidogo tu." Akageuza uso. "Kidogo tu!" Hobart akainuka nusu, shingo ikanyooka, na Solveig akalifunika donge kwa kiganja akalirudisha bakulini. "Hata kidogo, mwanangu," alimwambia. "Tena." Alimkaribisha mara thelathini asubuhi ile. Yeye na Delbert hawakuzungumza lolote la maana, na alipoondoka alisema atarudi Alhamisi.

Habari zikaenea. Kinyozi akaja na vipande vya bata mzinga. Mwenye duka akamkaribisha Hobart soseji kila wakipita, mara kumi, mara kumi na mbili, kwa sauti ya kubembeleza kabisa. Jumapili ya tano watu walipanga foleni ukumbini na sahani zao, na mmoja mmoja akainama, akamwambia mbwa karibu, karibu bwana, karibu jamani, usitutie aibu. Katikati ya foleni ile Hobart alilala ubavu, akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Delbert alicheka mpaka akashika meza.

Renata alirudi Juni. Alimkaribisha mara kumi na nne. Mara ya tano mimi nilikuwa nimefumba macho, na ya kumi Delbert alikuwa ananishika mkono, jambo ambalo hatujafanya tangu mama afe. Mara ya kumi na nne Renata aliila ile soseji mwenyewe, akaweka alama kwenye karatasi.

"Umefanyaje?" aliuliza.

"Nilisema hapana," alijibu Delbert, kama mtu anayesimulia safari ya mbali.

Wakaja kumchukua. Kuhusu siku ile nitasema kidogo. Mlezi huvua kizibao, hukabidhi kamba, husema neno la kumtuliza, huondoka bila kugeuka ili mbwa asimfuate. Delbert alifanya hivyo hivyo. Alitembea hadi mwisho wa barabara, akapita nyumba yake bila kuiona, nikamfuata kwa gari nikamrudisha.

Novemba tulialikwa chuoni kwenye sherehe. Hobart alikuwa amefaulu. Alikuwa amevaa mkanda wa kazi wenye mpini, na mpini ulishikwa na mwalimu wa hesabu kutoka Milwaukee aitwaye Thea Kowalczyk, miaka thelathini na minne, mwenye sauti ya kuchekesha darasa. Alikuwa amekaa kwenye orodha miaka miwili. Alikuja kuelekea kwetu katikati ya ukumbi uliojaa watu, viti na mikoba sakafuni, na Hobart akampitisha bila kugusa hata kimoja. Delbert alisimama wima kama yuko mbele ya bendera.

Hobart alituona. Mkia ulipiga mara moja kwenye mguu wa kiti, tap, kisha akakaa kando ya kiatu cha Thea.

"Ndiye huyu Mzee Delbert?" alisema Thea, akanyoosha mkono hewani mpaka Delbert akaupata. "Nimehadithiwa. Eti huyu wangu alikuwa anahesabu hadi tatu? Mimi mwalimu wa hesabu, nimeona fahari."

"Aliacha," alisema Delbert.

"Hata kwako wewe? Mimi kazi yangu ni kuhakiki jibu." Alikuwa anacheka, lakini nilimsikia chini ya kicheko. Kesho yake angesimama na mbwa huyu kwenye njia panda ya Milwaukee, na alitaka kujua. "Jaribu. Nakuruhusu."

Delbert alitia mkono mfukoni akatoa kipande cha jibini kilichofungwa kwenye karatasi. Alikuwa amekuja nacho toka nyumbani, maili mia na themanini, nami sikumuuliza alikusudia nini. Nilijua. Alipiga magoti, na magoti yake siku hizi hayapigwi ovyo. Mkono ule ulimlisha yule mbwa punje kwa punje mwaka mzima. Katika dunia yote ndio mkono pekee ambao kitabu cha masharti hakikuwahi kuukataza.

Akamkaribisha. Hobart akageuza uso. Akamkaribisha tena, na Hobart akatetemeka kidogo begani, akageuza uso. Delbert akasita. Kisha akaushusha mkono mara ya tatu, karibu kabisa, na midomo yake ikasema bila sauti, kidogo tu.

Hobart alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho yale yale ya jikoni, saa nne asubuhi. Kisha akashusha pumzi ndefu, akalaza kidevu juu ya kiatu cha Thea.

Thea alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. "Amekula?" aliuliza.

"Hapana," alisema kaka yangu. Alilisema mara moja tu, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, machozi yakimtiririka, na hakuongeza neno.